Vitabu Viliwe na Watoto, Visiliwe na Mchwa

Hotuba hii ilitolewa Jumamosi kwenye siku ya changizo la vitabu vya watoto, uani kwa duka la vitabu, Tabora mjini. Imewekwa yote kwa ajili ya walioomba radhi kwamba hawatafika. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa madiwani, walimu, wazazi, wafanyabiashara wa sokoni mliofunga mabanda mapema, na ninyi watoto mliokaa kwenye mkeka hapo mbele: mwangaluka!

Mmeitika vizuri. Basi nianze na msiba. Kitabu cha watoto kina vifo viwili. Kifo cha kwanza ni cha mikononi: jalada limelegea, pembe zimekunjika kama sambusa, ukurasa wenye simba umechanika kwa kugombewa. Kifo cha pili ni cha kabatini: kitabu bado kinanukia wino, hakijawahi kufunuliwa, lakini mchwa wamekipitia katikati na kutokea upande wa pili. Nawauliza, ndugu zangu, kipi kati ya vifo hivyo ni hasara?

Tumezoea kukilia kile cha kwanza. Tunamchapa mtoto kwa ajili yake. Leo naomba tukubaliane kukilipia kifo cha kwanza na kukizuia cha pili. Kila shilingi mtakayoitoa hapa imepangwa hivyo.

Tuanze na fedha. Mtu akisikia duka linachangisha, moyoni anajiuliza: hawa si wafanyabiashara? Mna haki ya kuuliza, na jibu liko kwenye hesabu. Chukueni kitabu chenye bei ya jalada ya shilingi 4,000. Tuseme mchapishaji analipunguzia duka robo, yaani duka linakichukua kwa 3,000. Ile 1,000 inayobaki bado si faida. Humo mna nauli ya mzigo kutoka Dar es Salaam, mna pango, mna umeme, mna mshahara wa muuzaji, mna na vile vitabu vilivyolowa njiani ambavyo hakuna anayevirudisha. Duka likijibana na kutoa nusu ya hiyo 1,000, limetoa 500 kwa kila kitabu.

Je, 500 inajaza sanduku la darasa, yaani lile la vitabu tunalolipeleka shuleni? Sanduku moja, nitalifungua mbele yenu sasa hivi, linagharimu 750,000. Gawanyeni wenyewe. Ni vitabu 1,500. Duka liuze vitabu 1,500 ndipo lijaze sanduku moja! Kwa hiyo anayewaambia kwamba mauzo ya siku moja yatawasomesha watoto wa kata nzima, muombeni kalamu na karatasi. Mauzo ya leo yanawasha moto, kuni ni michango yenu.

Kuna neno dogo kwenye mabango linalovunja imani ya watu kuliko hata wizi. Bango linasema, "Asilimia 10 itakwenda kwa watoto." Asilimia 10 ya nini? Ya mauzo, kwa kitabu chetu, ni 400. Ya faida, ukishatoa pango na nauli, inaweza kuwa 30. Mnunuzi amesoma 400, duka limekusudia 30, na hakuna aliyesema uongo. Ndiyo maana bango la mlangoni leo limeandikwa shilingi: kila kitabu utakachonunua, 500 inaingia sandukuni. Hiyo hata mtoto wa darasa la nne anaikagua.

Na zile ahadi? Hapa sina la kuwafundisha, maana kila mmoja wetu amekaa kwenye kamati ya harusi. Mnakijua kisa hiki. Mtu anasimama, spika inavuma, anatamka laki mbili, vigelegele vinapigwa, shangazi anamtunza. Jumatatu simu haipatikani. Kamati nayo ilikwishalipia ukumbi kwa laki mbili zile za vigelegele. Kosa hapo ni la nani? La kamati. Ahadi si fedha. Kwa hiyo kwenye meza yetu ahadi inaandikwa jina, namba ya simu, kiasi na tarehe ya kulipa, isizidi siku 14. Siku ya saba unakumbushwa kwa ujumbe, mara moja tu, kwa heshima. Na vitabu vinaagizwa kwa fedha iliyokwisha kufika. Lipa namba imesajiliwa kwa jina la kamati, haiko kwenye simu ya muuzaji. Fedha taslimu zinahesabiwa na watu wawili, na jumla inabandikwa mlangoni kila jioni.

Jambo moja nilipitie haraka, kwa sababu walimu wameliulizia: je, changizo hili haligongani na elimu bila ada? Elimu bila ada ilianza kutekelezwa Januari 2016. Changizo hili ni la hiari, linafanyika hapa dukani, halipitii kwa wanafunzi. Hakuna bahasha itakayopelekwa nyumbani na mtoto, na hakuna mtoto atakayeulizwa darasani kwamba mzazi wake ametoa au hajatoa.

Sasa lile sanduku. Tunaposema sanduku tunamaanisha tranka, lile lile la wanafunzi wa bweni. Mji wenye shule za bweni kama huu hauhitaji kuelezwa tranka ni nini. Tranka, 70,000. Ndani yake vitabu 100 kwa 4,000 kila kimoja, 400,000. Plastiki ya kufunikia majalada, 30,000. Sindano, uzi na gundi, 15,000. Kaunta buku na kalamu, 5,000. Nusu siku ya walimu kufanya mazoezi ya kulitumia, 60,000. Kulisafirisha na kulifuatilia mara tatu, 90,000. Na mwisho 80,000 ya kununua vitabu 20 vya kuziba pengo la vitakavyochakaa. Jumlisheni: 750,000.

Mmeona? Vitabu vyenyewe ni zaidi kidogo ya nusu. Kuna atakayesema tumekula nusu. Mimi nasema changizo linalotumia kila senti kununua vitabu ndilo linalowalisha mchwa, na nitalieleza tukifika huko.

Kwa nini vitabu 100? Kwa sababu ni majina 20, kila jina nakala tano. Hatukuchukua majina 100 tofauti, ingawa rafuni yangependeza zaidi. Darasa lenye watoto 80 linagawanyika makundi 16 ya watoto watano watano. Kila kundi linapewa jina moja, kila mtoto nakala yake, wote wanasoma ukurasa mmoja kwa wakati mmoja na wanaweza kubishana juu ya hadithi ile ile. Majina 16 yanakuwa mikononi, manne yanabaki yakishonwa au yakisubiri zamu. Kila wiki makundi yanabadilishana. Baada ya wiki 20 kila mtoto amepita kwenye kila kitabu. Kwa majina 100 ya nakala moja moja, mtoto mwenye mabavu anashika kitabu chenye picha ya gari na wengine 79 wanamtazama.

Lakini ni vitabu gani? Hapa naomba tukae kidogo.

Nitazameni nikiandika neno moja ubaoni: hawakumwambia. Ninyi mmelisoma kabla sijaweka chaki chini. Sasa mpeni mtoto wa darasa la pili. Ha... wa... ku... mwa... mbi... a. Silabi sita. Akifika kwenye "mbi" ile "ha" ya mwanzo imeshamtoka kichwani, na ile "ha" ndiyo inayosema kwamba jambo halikufanyika! Anamaliza neno akidhani walimwambia. Hadithi nzima imegeuka kwa sababu ya herufi mbili. Kiswahili chetu kinafungasha sentensi nzima ndani ya neno moja, ndiyo uzuri wake, na ndiyo mzigo wake kwa anayeanza.

Kwa hiyo kitabu cha anayeanza kinapimwa kwa silabi, umri ulioandikwa nyuma ya jalada hautoshi. Sentensi moja kwa ukurasa, maneno matatu mpaka matano, kila neno silabi mbili au tatu: Baba ana mzinga. Nyuki wako ndani. Zile "nyw" za nywele na "ng'" za ng'ombe zije polepole, zisirundikwe ukurasa wa kwanza. Angalieni na umbo la herufi. Mtoto anafundishwa kuandika "a" ya duara na mkia, kisha kitabu kinamletea "a" ya chapa yenye kofia juu, naye anakataa kabisa kwamba hiyo ni "a". Kataeni nanyi pia kukinunua, kama ni cha darasa la kwanza.

Kuna mtego mwingine, na wazazi ndio wanaonaswa. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa. Mtoto aliyeshika silabi anaweza kuwasomea ukurasa mzima kwa sauti kama mtangazaji wa redio, mkampa soda, kumbe hajaelewa kitu. Mnamjuaje? Funika ukurasa kwa kiganja, muulize: nani alifanya nini? Akikutazama tu, alikuwa anatamka, alikuwa hasomi. Usimkemee. Mrudishe kwenye kitabu chepesi zaidi, hata kama mdogo wake ndiye anayekisoma.

Kwa wakubwa kidogo, darasa la tatu na la nne, kuna kipimo cha vidole. Fungua ukurasa wa katikati wenye maneno kama 50. Mtoto asome, kila neno linalomshinda akunje kidole. Mkono ukifungika wote, kitabu hicho ni cha mwakani. Kisipokunjika kidole hata kimoja, akisome kwa raha, lakini mtafutie na kingine. Dukani leo kipimo hiki ni bure, na muuzaji akikuharakisha mwambie nimekutuma mimi.

Na vile vitabu vya bure? Najua kuna watu humu wanasema, kwa nini tununue wakati kuna marafiki wa nje wanaoweza kutuma makatoni? Fuateni katoni moja. Linafika bandarini, linalipiwa, linapanda lori, linafika huku limepasuka pembe. Linafunguliwa kwa shangwe. Ndani mna vitabu vinene vya Kiingereza vya watoto wanaocheza kwenye theluji, juzuu ya tatu ya kitu ambacho juzuu ya kwanza haipo, na mwongozo wa kompyuta ambazo hazitengenezwi tena. Mwalimu wa darasa la pili afanye nini na hayo? Atayapanga vizuri, migongo nje, na mgeni akija ataoneshwa maktaba. Mtoto anayetoka nyumba ya Kinyamwezi ndio kwanza anajenga Kiswahili chake cha kusomea. Mpeni kwanza mwembe, kumbikumbi, treni, mzinga wa babu. Bahari na theluji atazifikia, tena kwa hamu, akishajua kwamba karatasi inaweza kusema jambo analolifahamu.

Kabla sijaondoka hapo: vitabu vya ziada vinavyoingia shuleni viwe na ithibati, yaani kibali rasmi. Msinunue kwanza halafu mkaanza kuulizia. Muulizeni afisa elimu mkiwa na orodha mkononi, kabla ya kulipa.

Sasa twendeni kabatini.

Wazee waliopo hapa wanakikumbuka kisomo, yale madarasa ya watu wazima ya kujifunza kusoma. Mwalimu Nyerere, ambaye mji huu unajivunia kwamba alisoma hapa kuanzia 1937, aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imekuta kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma. Kufikia 1986 waliobaki walikuwa karibu asilimia 10. Watu walisoma chini ya miti, kwenye maghala, jioni baada ya shamba, kwa vitabu vya pamba, vya migomba, vya uvuvi, vya ufugaji. Ni kazi kubwa ajabu. Lakini walioiendesha walijua jambo moja: mtu aliyejifunza kusoma na hana cha kusoma, anasahau. Ndiyo maana zilianzishwa maktaba za vijiji na magazeti ya vijijini. Na pale vitabu vilipokwisha na magazeti yalipoacha kufika, cheti kilibaki ukutani na kusoma kukaondoka. Kama mtu mzima mwenye akili zake anasahau, mtoto wa miaka minane atabaki na nini baada ya likizo ya Desemba?

Kwa hiyo kitabu kiwe karibu na kiwe wazi. Basi mbona makabati yamefungwa? Msimlaumu mwalimu mkuu haraka. Jiwekeni kwenye kiti chake. Amepokea vitabu 100, amesaini. Siku akihamishwa atamkabidhi mwenzake, na daftari la mali linasema 100. Vikiwa 83, ataulizwa 17 viko wapi. Wewe ungefanya nini? Ungenunua kufuli. Kila mwenye akili angenunua kufuli.

Dawa ya kufuli ni karatasi. Kila sanduku letu linakwenda na barua ya ruhusa ya kuchakaa, ina saini ya kamati na nakala kwa ofisi ya elimu. Inasema hivi: katika mwaka mmoja, vitabu 20 kati ya 100 vinaruhusiwa kuchakaa au kupotea, na hakuna mwalimu wala mzazi atakayelipishwa. Ile 80,000 mliyoiona kwenye hesabu ndiyo inayoipa barua hiyo nguvu. Mama naye akimkataza mwanawe kuja na kitabu nyumbani kwa kuogopa kulipishwa, mwalimu ana kitu cha kumsomea.

Sasa mchwa. Kwa mji huu sihitaji kuwatambulisha. Mchwa anataka vitu vitatu: chakula chenye asili ya mti, giza, na utulivu. Karatasi ni mti. Kabati lililofungwa ni giza na utulivu. Anapanda kutoka kwenye ufa wa sakafu, anajenga kichuguu chembamba cha udongo nyuma ya kabati ambako hakuna anayetazama, anaingia kwa nyuma, anakula katikati na kuacha migongo imesimama. Ukifungua unaona safu nzuri, ukivuta kitabu kimoja unabaki na jalada.

Kwa hiyo: tranka la bati badala ya kabati la mbao. Liinuliwe juu ya matofali manne, liwe kiganja kimoja kutoka ukutani ili mtu aweze kuchungulia nyuma. Likiwekwa juu ya meza, miguu ya meza isimame ndani ya makopo yenye oili chafu kidogo, na makopo yasafishwe, maana jani kavu likidondoka humo linakuwa daraja. Masika yakianza, kitambaa kikavu chini ya vitabu, na tranka liachwe wazi mchana. Lakini dawa kubwa kuliko zote ni kulifungua mara mbili kwa wiki, kila mara dakika 30. Mahali ambapo watoto 80 wanashikashika kila Jumanne na Alhamisi, mchwa hapati utulivu wa kujenga. Kusoma kwenyewe ndiko ulinzi.

Wafuga nyuki wa Sikonge na wa Urambo wananielewa. Hakuna anayetundika mzinga akaurudia siku ya kurina tu. Anapita, anaangalia kama nyuki wameingia au wameingia siafu. Sanduku tutalipitia wiki ya tatu, wiki ya 10 na wiki ya 20. Ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu likiwa limefungwa wiki ya tatu, litafungwa mwaka mzima. Na mtakaojitolea kwenda, nawaomba: mkifika msianze na kaunta buku. Kaunta buku inaweza kujazwa asubuhi ile ile baada ya kusikia pikipiki. Tazameni pembe za vitabu. Pembe hazidanganyi.

Nimalizie na sindano, kwa sababu ndiyo kazi ya alasiri hii. Vitabu vyembamba vya watoto, vya kurasa 16 au 24, vimebanwa kwa pini mbili. Masika pini zinapata kutu, kutu inakula karatasi, kurasa za katikati zinachomoka kwanza. Watu wanakimbilia selotepu. Msiiguse! Baada ya miezi michache inageuka njano, inanata vumbi, ikibanduka inaondoka na maneno. Uji wa ngano nao unaita mende.

Fanyeni hivi. Toeni pini kwa ncha ya kisu butu. Funueni kitabu katikati, toboeni matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati kabisa, mengine mawili karibu na ncha, upana wa vidole viwili kutoka ukingoni. Uzi uwe mara mbili na nusu ya urefu wa kitabu. Ingizeni sindano tundu la katikati kutokea ndani kwenda nje, mkiacha mkia kidogo ndani. Rudini ndani kwa tundu la juu. Piteni kwa ndani moja kwa moja mpaka tundu la chini, mlivuke lile la katikati, tokeni nje. Rudini ndani kwa tundu la katikati. Sasa ncha mbili za uzi ziko ndani: moja iwe kushoto kwa ule uzi mrefu, nyingine kulia, fungeni fundo juu yake. Msivute kuelekea katikati ya ukurasa, mtachana. Vuteni kufuata mkunjo. Jalada lililoachia linapakwa gundi nyeupe ya maseremala, nyembamba kama ya kupaka siagi mkate wa jirani, kisha tofali juu yake mpaka kesho yake.

Meza ya ahadi iko kushoto, chini ya mwembe. Meza ya kushona iko kulia, na kuna vitabu 40 vilivyorudi kutoka kwenye masanduku ya mwanzo, vimechakaa vizuri. Watoto washike sindano kwanza, wazazi mtawashikia uzi. Atakayemaliza kimoja akisome kwa sauti hapo hapo kabla ya kuchukua kingine.